Mila ya Mababu au Mila ya Karatasi? Juu ya Mwanamke katika Riwaya za Wakati wa Ukoloni

Kuna neno moja ambalo halikosekani katika vikao vyetu, iwe kikao cha ndoa, cha matanga, au cha kugawanya mali ya marehemu. Mama akitaka kusema, mtu anamkata: «Kwetu mwanamuke hasemake mbele ya wanaume.» Wazee wanatikisa kichwa, kijana aliyemaliza chuo kikuu naye anatikisa kichwa, na mashauri yanaendelea. Neno hilo wanaliita mila. Na mtu akishataja mila, nani atamjibu?

Tutamjibu sisi, katika kurasa hizi. Tunasema hivi: sehemu kubwa ya kile kinachoitwa leo «mila ya mwanamke wa Kiafrika» haikutoka kwa mababu. Ilitoka kwenye karatasi. Iliandikwa kati ya 1885 na 1960 katika sheria, katika ripoti za Bula Matari na za wamisionari, na zaidi sana katika riwaya, zile zile ambazo watoto wetu wanasomeshwa sekondari hadi leo. Walioshika kalamu walikuwa karibu wote wanaume, Wazungu kwa Waafrika. Walimchora mwanamke jinsi walivyopenda kumwona, na leo ile picha imerudi kijijini ikiwa imevaa nguo ya mababu.

Haya si maneno ya kuchezea. Juu ya picha hiyo mjane anafukuzwa katika nyumba aliyoijenga pamoja na bwana yake. Juu ya picha hiyo binti anatolewa masomo ili kaka yake aendelee. Na anayefanya hivyo halali vibaya usiku, maana anaamini amefuata mila. Basi, tuichunguze hiyo mila yake.

1. Kabla ya karatasi

Tuanze nyumbani. Mtoto wa Kiluba aliyekaa hata kidogo karibu na wazee amesikia habari ya Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Siku hizi inasimuliwa kama habari ya wanaume watatu: mfalme mkali, mwindaji mgeni mwenye adabu, na kijana shujaa. Lakini toa Bulanda katika habari ile, uone kitakachobaki. Bulanda ni dada ya Nkongolo. Ndiye aliyeolewa na Mbidi, ndiye aliyemzaa Kalala Ilunga. Mbidi alirudi kwao. Bulanda alibaki na mimba, na ufalme mpya ukatoka tumboni mwake. Pasipo yeye, Mbidi ni mpita-njia tu aliyekunywa maji akaenda zake. Pamoja na hayo, uliza vijana kumi jina la baba ya Kalala, wote watakujibu. Kiisha uliza jina la mama yake, uhesabu wanaojua.

Tuendelee. Mfalme wa Waluba alipokufa, roho yake haikukaa katika mwili wa mwanaume. Ilimshukia mwanamke, aliyeitwa mwadi. Mwanamke yule aliishi katika makao ya marehemu mfalme, akiwa na watu wake, akichunga vitu vitakatifu vya yule aliyekufa, na mfalme mpya alipaswa kumheshimu. Kwa hiyo, tunaposema «mwanamke hasemi mbele ya wanaume», mwadi tunamweka wapi? Aliposema yeye, ni mfalme aliyekuwa anasema.

Tutazame tena viti vya kifalme vilivyochongwa na mafundi wetu, ambavyo vingi sasa viko Tervuren na katika nyumba nyingine za makumbusho huko Ulaya na Marekani. Anayebeba kiti ni nani? Ni mwanamke, amesimama ao amepiga magoti, mwili wake umejaa chale, macho yake yametulia. Mtu wa haraka atasema: «Unaona, mwanamke amekaliwa.» Lakini watafiti Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, waliotoa kitabu kikubwa juu ya kumbukumbu ya Waluba mwaka 1996, walieleza jambo lingine: kwa wazee, mwili wa mwanamke ndio uliokuwa na nguvu ya kutosha kuchunga roho ya ufalme. Hata chama cha Mbudye, chenye kusoma historia kwa vidole juu ya lukasa, kilikuwa na wanaume na wanawake.

Na kwa jirani zetu Walunda? Mfalme Konde aliwanyima watoto wake wanaume, Kinguri na Chinyama, akampa lukano binti yake Lueji. Baadaye Lueji akaolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Waluba, akamwachia lukano ile. Katika ikulu ya Musumba cheo cha Lueji hakikufa pamoja naye. Mwanamke mwingine anakirithi, kizazi kwa kizazi, karibu na Mwant Yav.

Hatusemi kwamba zamani ilikuwa paradiso. Kiti cha ufalme kilikaliwa na wanaume. Mabinti walitolewa kuolewa pasipo kuulizwa. Katika vita na biashara ya watumwa ya karne ya 19, wanawake wa nchi hii walikamatwa na kuuzwa kama chumvi. Anayetaka kuficha hayo anadanganya. Lakini kuonewa ni jambo moja, na kutokuwa na sauti wala jina ni jambo lingine. Mababu walimwonea mwanamke mara nyingi. Lakini walijua jina lake, na palikuwa mahali ambapo neno lake lilikata mashauri. Karatasi ndiyo iliyofuta mahali hapo.

2. Kalamu ya Bula Matari

Mzungu alipofika, alitafuta mkubwa wa kuongea naye, na kwake mkubwa alikuwa mwanaume. Administrata aliita mashefu, mmisionari aliita wazee, na wote wawili walipouliza «mila yenu ni gani?», waliojibu ni wanaume. Hebu fikirini: mtu aulizwe mbele ya serikali haki zake mwenyewe na haki za bibi yake. Atasemaje? Majibu yale yakaingia vitabuni. Mwaka 1926 dekrè ya tarehe 15 Aprili ikaweka mahakama za wenyeji, na waamuzi wake walikuwa wanaume. Tangu hapo mila ikawa na muhuri. Kile ambacho bibi na bwana, shangazi na mjomba, walikuwa wanajadiliana na kugeuza kila kizazi, kikawa amri iliyoandikwa.

Katika hadithi za Wazungu nako ni vile vile. Joseph Conrad alipanda mto Kongo mwaka 1890, kiisha mwaka 1899 akatoa hadithi yake maarufu, Heart of Darkness. Ndani yake yuko mwanamke mmoja wa Kiafrika, amesimama kando ya mto, amejaa mapambo, anainua mikono. Ni mrembo, ni wa kuogopesha, na hatupewi neno lake hata moja. Yeye si mtu katika kitabu kile. Ni pori lililovaa shanga. Tena Conrad hakumtendea vema hata mwanamke wa Kizungu: mchumba wa Kurtz anadanganywa mwishoni, eti kwa sababu wanawake hawawezi kubeba ukweli. Huo ndio mzigo ulioshuka melini pamoja na bunduki na Biblia: fikira za wanaume wa Ulaya ya karne ya 19 juu ya wanawake wao wenyewe.

Kwetu Kamina mzigo huo ulifika kwa treni. Reli ya kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyoitwa wakati ule Port-Francqui, ilimalizika mwaka 1928; ile ya Kabalo ikaunganishwa na Kamina mwaka 1956. Kati ya miaka hiyo mji ulijaa wafanyakazi, na baada ya vita ya pili ikaja baze kubwa ya wasoldati. Katika miji ya namna hii mwanamke alikuwa na milango miwili tu. Wa kwanza: bibi ya mfanyakazi, aliyeandikwa katika kitabu cha bwana yake, akihesabiwa pamoja na watoto wakati wa posho. Wa pili: mwanamke wa peke yake, ambaye Bula Matari alimtazama kwa jicho la wasiwasi, na katika miji kadhaa alimtoza kodi ya pekee. Muuza unga, fundi wa vyungu, mkunga, mjane mwenye biashara yake, wote waliingizwa katika neno moja ambalo hatulipendi kuliandika hapa.

Kiisha wakaja waevolwe wetu. Gazeti lao, La Voix du Congolais, lilianza 1945 likasimama 1959, na mkubwa wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba, mshairi. Mwaka 1949 Bolamba alichapisha huko Élisabethville kitabu kizima juu ya matatizo ya maendeleo ya mwanamke mweusi. Tazameni vema: mwanaume ndiye mwenye kuandika, na mwanamke ndiye tatizo. Mwevolwe alitaka bibi ambaye angeweza kukaa naye mezani, kumtengenezea shati na kupokea wageni. Kwa ajili hiyo kulikuwa na fwaye sosiali, ambako mama zetu walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kuogesha mtoto. Ufundi huo si mbaya. Wengi wamelisha watoto kwa sindano ile. Lakini kaka zao walikuwa wanafundishwa kusoma barua na kuandika ripoti. Inatosha kukumbuka kwamba Sophie Kanza, aliyekuwa binti wa kwanza wa Kongo kumaliza sekondari, aliimaliza mwaka 1961, uhuru umekwisha kupatikana. Basi tusishangae kwamba katika riwaya za wakati ule hakuna kalamu ya mwanamke wa Kongo. Kalamu yenyewe hakupewa.

3. Mama mtakatifu, bibi asiye na jina

Sasa tufungue vitabu vya ndugu zetu Waafrika. Hapa wengine watakasirika, maana vitabu hivi tunavipenda, na sisi pia tunavipenda. Walioviandika walipigana na ukoloni kwa kalamu. Lakini mtu anaweza kupigana na bwana mkubwa wa nje, wakati wa ndani ya nyumba anabaki kuwa yeye mwenyewe.

Katika nchi yetu kitabu cha kwanza kujulikana ni Ngando cha Paul Lomami-Tshibamba, kilichopata zawadi Brussels mwaka 1948. Mtoto Musolinga anachukuliwa na mamba mtoni, na safari yote ya hatari, kutoka ulimwengu huu hadi ule mwingine, inafanywa na baba yake. Mama anabaki na machozi. Tangu riwaya hiyo ya kwanza, njia ni ya baba na kilio ni cha mama.

Huko pwani, kwa wenye Kiswahili chao, Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Ni kitabu kikubwa juu ya haki. Karama anasimama mbele ya baraza akitetea elimu ya sheria, na anataja wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia wakarudi kuadhibiwa: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ramadhani, Matumaini. Wote sita ni wanaume. Nchi iliyotuma wajumbe mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na hata ardhini, haikufikiri kumtuma mwanamke hata mmoja. Na huyu ni mwandishi yule yule aliyeandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa Zanzibar. Kwa hiyo alijua vema kwamba mwanamke anaweza kubeba neno likafika mbali. Lakini alipojenga nchi ya mawazo yake, baraza lilikuwa la wanaume.

Camara Laye, katika L'enfant noir cha mwaka 1953, amemwimbia mama yake sifa tangu ukurasa wa mbele. Watoto wetu wanazikariri kwa moyo. Na mama yule kweli ana nguvu: anateka maji mtoni kati ya mamba, wala hawamgusi. Lakini siku ya kuamua kama mtoto ataenda Ufaransa, baba amekwisha kukubali, na mama anapata habari mashauri yamekwisha. Analia, anagomba, na kijana anapanda ndege. Hii ndiyo picha inayopendwa kuliko zote: mama aliyewekwa juu sana, mahali ambapo sauti yake haifiki chini. Kila tarehe 8 Machi tunaona matunda yake. Tunampa pagne, tunamwimbia «mama, mama», na tarehe 9 hatumwulizi kitu.

Tuje kwa Chinua Achebe. Riwaya yake ya 1958, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa Kifaransa ikiitwa Le monde s'effondre, inapigiwa makofi na wenye kutetea mila. Okonkwo, wanasema, ndiye mwanaume kamili wa Kiafrika. Lakini je, wameisoma vema? Okonkwo ana wake watatu. Wa pili ni Ekwefi, wa tatu ni Ojiugo. Na wa kwanza, mkubwa wa nyumba? Hana jina. Tangu mwanzo hadi mwisho anaitwa mama ya Nwoye, basi. Okonkwo anampiga Ojiugo katika juma la amani, na hapo anayemwadhibu ni mila yenyewe: kuhani wa ardhi anamtoza faini. Usiku mmoja Chielo, kuhani mwanamke, anamchukua Ezinma mgongoni, binti apendwaye, na yule shujaa wa miereka anaweza tu kufuata nyuma gizani na panga lake. Na alipofukuzwa kwao, ni kwa ndugu za mama yake ndiko alikokimbilia, na mjomba wake Uchendu ndiye anayemweleza kwa nini watu wao wanawaita mabinti Nneka, yaani mama ni mkuu.

Kwa hiyo Achebe ameonyesha mambo mawili. Ameonyesha mwanaume anayeogopa kuitwa mwanamke mpaka anajiharibu, na ameonyesha kwamba mila yake mwenyewe ilikuwa pana kuliko yeye. Kosa la Achebe, kama ni kosa, ni lile jina lililokosekana. Kosa la wasomaji ni kubwa zaidi: wanachukua ugonjwa wa Okonkwo, wanauita mila.

Bado kuna yule mwingine, mwanamke wa mjini. Ferdinand Oyono, mtu wa Kameruni, alitoa Une vie de boy mwaka 1956. Sophie ni mwanamke wa Mzungu mmoja, ambaye kwa watu anamficha kama mpishi. Tunafundishwa kumcheka. Lakini tumfuate hadi mwisho. Sophie anachukua sanduku la pesa na kuvuka mpaka, na Toundi, boy mwaminifu, anakamatwa kwa ajili yake na kupigwa hadi kufa. Tena kabla ya hayo, Kalisia, mfanyakazi wa chumbani, alimwonya Toundi wazi: ondoka kabla hawajakuangamiza. Hakusikia. Katika kitabu kile wanawake wawili weusi ndio wanaojua ukoloni ni kitu gani. Kijana mwenye kuandika daftari anajua kusoma, lakini hajui kusoma alama. Na masomoni swali linaloulizwa ni lipi? Ni juu ya Toundi na Komanda. Sophie anabaki malaya wa mjini.

Picha hiyo ya mwanamke wa mjini haikukaa vitabuni. Tuliiona katika michoro ya Mamba Muntu iliyotundikwa katika vyumba vya wageni huko Lubumbashi miaka ya 1970: nusu samaki, nusu mrembo, anakupa falanga na anakunywa maisha yako. Mwanamke mwenye pesa zake lazima awe na kitu majini.

4. Treni ya Sembène

Kuna riwaya moja ya wakati ule ambayo mtu wa Kamina asingepaswa kufa pasipo kuisoma, maana ni ya watu wa reli. Ni Les bouts de bois de Dieu ya Sembène Ousmane, iliyotoka mwaka 1960. Inasimulia mgomo wa kweli wa reli ya Dakar hadi Niger, uliodumu kutoka Oktoba 1947 hadi Machi 1948. Mishahara imekatwa, maduka yamefungwa kwa wagomaji, maji yamefungwa. Wanaume wanafanya mikutano. Lakini wanaotafuta chakula ni wanawake. Ramatoulaye anamchinja kondoo dume wa ndugu yake tajiri ili watoto wale. Na mwishoni ni wanawake wanaotembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar, kilometa karibu 70, na ndio wanaovunja moyo wa mgomo wa wenye mali. Anayewaongoza ni Penda, mwanamke ambaye watu walimwita malaya. Risasi inamwua mlangoni mwa Dakar.

Je, kuna mtu hapa mjini asiyejua habari hiyo? Miaka ile mishahara ilipokawia miezi na miezi, nani alilisha Kamina? Tembea stesheni, tembea sokoni: ni mama mwenye muhogo, mama mwenye samaki wa Upemba, mama mwenye mafuta na mkaa. Walilipa masomo ya watoto wanaojiita leo wasomi. Lakini katika kikao, bwana ambaye hajaleta mshahara mwaka mzima ndiye anayesema, na yule aliyeleta unga «hasemake».

Hata Sembène hatumwachi hivi hivi. Shujaa wake Bakayoko ana bibi, Assitan. Alikuwa mjane wa kaka yake. Alirithiwa kama shamba, akakubali kila kitu, akanyamaza. Bakayoko anabadili dunia, lakini nyumba yake anaikumbuka mwishoni kabisa. Tofauti ni kwamba Sembène anaionyesha aibu hiyo wazi, hataki kuifunika na neno mila.

5. Wanaotupinga

Tunajua watakayosema. Wa kwanza watasema: «Haya ni mawazo ya Wazungu, mnataka kuharibu utamaduni wetu.» Tunawajibu kwa sheria. Kodi ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotolewa wakati wa Mobutu na nyimbo zote za otantisite, iliandika kwamba bwana ni mkubwa wa nyumba, kwamba yeye anapaswa kumlinda bibi na bibi anapaswa kumtii. Iliandika tena kwamba bibi hawezi kufanya tendo la kisheria linalomfunga pasipo ruhusa ya bwana. Wengi waliambiwa: hii ni mila ya Kiafrika. Fungua kodi ya Napoleon ya mwaka 1804, kifungu cha 213, utalikuta karibu neno kwa neno: ulinzi kwa bwana, utii kwa bibi. Ufaransa ilifuta utii huo mwaka 1938. Ubelgiji ilifuta mamlaka ya bwana juu ya bibi mwaka 1958. Sisi tukaiokota mwaka 1987, tukaipaka ngula, tukasema ni ya mababu. Ruhusa ile ya bwana iliondolewa tu na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na hadi leo kuna wanaoililia. Wanamlilia nani? Ilunga Mbidi hakujua kodi hiyo. Wanamlilia Napoleon.

Wa pili watasema: «Waandishi wale walikuwa katika vita ya uhuru; msiwadai mambo ya leo.» Lakini Sembène alikuwa katika vita ile ile, na aliwaona wanawake. Basi iliwezekana.

Wa tatu watasema: «Mama anaheshimiwa kwetu, mnataka nini zaidi?» Tunataka jambo dogo. Heshima isiyo na sauti ni ile tunayompa marehemu. Mama zetu bado wako hai.

6. Tunachoomba

Hatuombi vitabu hivi vichomwe wala vitolewe masomoni. Tunaomba visomwe kwa macho mawili. Mwalimu anayefundisha Achebe awaulize watoto: mama ya Nwoye aliitwa nani? Anayefundisha Camara Laye aulize: kwa nini mama aliambiwa wa mwisho? Anayefundisha Oyono aulize: nani alielewa mapema kuliko Toundi? Na karibu na vitabu hivyo awekwe Flora Nwapa na Grace Ogot, waliotoa riwaya zao za kwanza mwaka ule ule wa 1966, awekwe Mariama Bâ na barua yake ya 1979, na mshairi wetu Clémentine Nzuji, aliyechapisha tangu miaka ya 1960.

Tunaomba tena chama chetu kiende kwa bibi wazee wa Kabongo, wa Kinkondja, wa Malemba-Nkulu na wa hapa hapa Kamina, kiandike yale wanayojua juu ya Bulanda na mwadi, juu ya ndoa na mirathi, kwa majina yao na kwa maneno yao. Kwa miaka karibu mia moja walioulizwa ni babu. Bibi wanazeeka, na kila matanga ya bibi ni kumbukumbu inayoingia ardhini pasipo kuandikwa. Na kijitabu kinachofuata cha mfululizo huu kisitoke pasipo kalamu za wanawake ndani yake, wakiandika juu ya lolote wanalotaka, si juu ya mapishi peke yake.

Kiisha, katika vikao vyetu, tuanze tabia moja. Mtu akisema «ni mila», aulizwe kwa adabu: mila ya kijiji gani, ya mzee gani, ya wakati gani? Nani alikuambia? Ulisikia kwa nyanya yako ao ulisoma? Kama ana jibu, tumsikilize, maana mila ya kweli tunaihitaji. Kama hana, basi anyamaze kidogo, na yule mama aliyeinua mkono apewe neno.